Tupeni anwani ya folda ya pamoja, siyo herufi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nitoe dukuduku langu. Linahusu diski ya pamoja, ile iliyo kwenye seva ya ofisi, ambayo mfanyakazi huifungua akiwa kwenye kompyuta yake ya mezani na ambayo wengi wetu tunaijua kwa herufi moja tu: Z, au P, au S. Mimi ni mtunza kumbukumbu. Kazi yangu ni masjala, si ufundi wa kompyuta. Ila kwa kuwa nyaraka za ofisi siku hizi zinakaa humo, anayeshindwa kuifungua huja mezani kwangu kabla hajampigia simu mtu wa IT, na maneno huwa ni yale yale: "Mama, Z yangu imepotea."

Folda haijapotea. Iko kwenye seva pale pale ilipokuwa jana. Kilichoondoka ni herufi, na huyu aliye mbele yangu hajawahi kuambiwa kwamba herufi na folda ni vitu viwili. Ndiyo maana naandika. Ofisi zinawapa watu herufi bila kuwapa anwani, halafu siku herufi ikitoweka kazi inasimama au, vibaya zaidi, inaendelea kwa njia za panya.

Herufi hizi ni urithi wa kompyuta za zamani. A na B zilikuwa za diski laini, zile za kuchomeka na kuchomoa, na C ikawa diski ya ndani ya mashine. Mtu anapounganisha folda ya seva, Windows humpendekezea herufi kuanzia mwisho wa alfabeti, kwa hiyo Z ndiyo huwahi kuchukuliwa. Lakini herufi hiyo inaishi ndani ya kompyuta moja, tena chini ya jina la mtumiaji mmoja. Folda ile ile yaweza kuwa Z kwa mhasibu, P kwangu, na kwa mtu wa mapokezi isiwe na herufi yoyote. Mahali pake halisi ni anwani inayoanza na mikwaju miwili iliyolalia nyuma, likafuata jina la seva, mkwaju mwingine, kisha jina la folda, mfano \\seva\masjala. Anwani hiyo haibadiliki kutoka meza hadi meza. Sisi wa masjala hatupati taabu kulielewa hili, maana jalada hutambulika kwa namba yake ya kumbukumbu, halitambuliki kwa kusema "lile lililokuwa juu ya meza ya yule bwana".

Niseme nilichokiona. Mkuu wa kitengo kimoja aliwatumia watu barua pepe kwamba rasimu ya mkataba iko Z, kwenye folda ya Mikataba, waisome kabla ya kikao. Wa ghorofa ya juu waliipata. Wa ghorofa ya chini walifungua Z yao wakakuta picha za nyaraka zilizotoka kwenye mashine ya kuskani, kwa sababu fundi aliyewawekea kompyuta alianza na folda hiyo. Kijana mmoja akajibu kwa heshima zote kwamba mkataba haupo. Mwingine akajibu kwamba upo na ameshausoma. Kikao kilianza kwa watu kubishania kama waraka upo au haupo, na muda wote huo ulikuwa mahali pamoja, haujagusika. Barua pepe ile ingekuwa na anwani kamili, kila mmoja angebofya mara moja akafika.

Kuifungua folda kwa anwani si kazi ya fundi. Kwenye Windows unabonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, kinatokea kidirisha kidogo chini kushoto, unaandika anwani yote na mikwaju yake, unabonyeza kitufe cha kuingiza. Au unafungua dirisha la mafaili, unabofya kwenye upau wa juu, unafuta kilichomo na kuandika anwani hapo. Ukiulizwa jina na nywila, weka za akaunti yako ya ofisini. Ukitaka kujua Z yako inaelekea wapi, fungua lile dirisha jeusi la amri uandike net use: itakuja orodha ya herufi zote ulizonazo, na mbele ya kila herufi anwani yake kamili. Nakili anwani hizo kwenye daftari leo, wakati zinafanya kazi. Siku kompyuta ikibadilishwa hutakuwa na pa kuzisoma.

Mwenye kompyuta ya Mac anaifikia folda hiyo hiyo. Akiwa kwenye Finder, yaani dirisha la mafaili la Mac, anabonyeza Command na K, anaandika smb:// kisha jina la seva na jina la folda, na mikwaju safari hii inalalia mbele. Kwenye Linux anwani huandikwa vivyo hivyo ndani ya dirisha la mafaili. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia watu wakiambiwa kwamba seva ya ofisi ni ya Windows tu, basi mwenye Mac atumiwe mafaili kwa WhatsApp. Si kweli. Lugha wanayoongea mashine hizi, yaani SMB, ilizaliwa ndani ya IBM miaka ya 1980, Microsoft wakaikuza, na tangu mwanzoni mwa 1992, Andrew Tridgell wa Australia alipotoa programu iliyokuja kuitwa Samba, mashine zisizo za Windows nazo zimeweza kuiongea. Apple wenyewe waliifanya toleo lake la pili kuwa njia yao ya kawaida ya kushirikisha mafaili mwaka 2013. Hakuna sababu ya kumtenga mtu kwa ajili ya kompyuta aliyonayo.

Sasa nije kwenye ile asubuhi ambayo diski inaonekana kwenye orodha lakini ina alama nyekundu ya X. Hapa ndipo watu wanapopoteza saa nzima, na hapa ndipo ningependa kila mfanyakazi awe na utaratibu wa kufuata badala ya kuwasha na kuzima kompyuta kwa kubahatisha.

Swali la kwanza silielekezi kwenye mashine bali kwa jirani: yako inafunguka? Kama haifunguki kwa yeyote, tatizo ni la seva au la mtandao wa ofisi, usihangaike na kompyuta yako. Kama jirani anafungua na wewe hufungui, shida iko upande wako, na kwa kompyuta ya mezani naanza chini ya meza. Waya wa mtandao umechomeka? Kwenye tundu lake nyuma ya mashine kuna kitaa kidogo, cha kijani au rangi ya chungwa, ambacho huwaka na kupepesa mawasiliano yanapopita. Kikiwa kimezimika, ama waya umelegea ama upande wa pili haupo kazini. Ile klipu ya plastiki kwenye kichwa cha waya ikishavunjika, waya hukaa kwenye tundu bila kushikwa, na kila ufagio ukipita chini ya meza unachomoka kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Nimeona mtu akibadilishiwa kompyuta nzima kwa sababu ya klipu hiyo.

Waya ukiwa mzima, jaribu anwani kamili. Mara nyingi herufi ina X nyekundu lakini anwani inafunguka bila kinyongo. Maana yake ni kwamba wakati Windows inawaka ilijaribu kuunganisha Z kabla mtandao haujawa tayari, ikakata tamaa, ikaonyesha ule ujumbe kwamba haikuweza kuunganisha diski zote. Hili ni la kawaida zaidi kwa wanaotumia mtandao usio na waya. Bofya mara mbili juu ya Z baada ya dakika moja na kwa kawaida itarudi yenyewe. Mtu asiyejua hili huizima kompyuta na kuiwasha upya, na anazirudisha zile zile mbio za mashine kuuwahi mtandao.

Anwani nayo ikikataa, iandike tena ukiweka namba ya seva mahali pa jina, ile namba yenye nukta tatu ambayo mtu wa IT anaijua. Namba ikifunguka na jina likakataa, basi seva ni nzima ila kompyuta yako imeshindwa kujua jina hilo ni la nani. Mwambie fundi maneno hayo hayo na atajua pa kuanzia. Kuna tofauti kubwa kati ya fundi anayepokea simu ya "Z imepotea" na anayepokea simu ya "namba inafungua, jina halifungui, jirani yangu anafungua vyote". Huyu wa pili tayari ameshapewa nusu ya jibu.

Na lipo la nywila. Ofisi nyingi zinalazimisha watu kubadilisha nywila kila baada ya muda. Unabadilisha yako, unaingia vizuri, lakini Windows ilishatunza ile ya zamani kwa ajili ya seva, kwenye hazina yake ya nywila, na inaendelea kuipeleka kimya kimya kila inapojaribu kuunganisha Z. Seva inaikataa mara kadhaa, halafu inafunga akaunti yako kwa kudhani kuna mtu anabahatisha. Mfanyakazi anaapa kwamba nywila anayoandika ni sahihi, na anasema kweli. Ingia kwenye sehemu ya mipangilio inayotunza nywila, tafuta mstari wenye jina la seva, ufute, kisha ufungue folda upya uweke nywila mpya.

Jambo lingine dogo linalogombanisha watu na mafundi: umeomba ruhusa ya kuingia folda ya Manunuzi, fundi akasema ameshakuweka, ukajaribu, bado unakataliwa. Kabla ya kumrudia, toka kwenye akaunti yako kabisa kisha uingie tena. Pale unapoingia asubuhi, kompyuta hupokea orodha ya makundi uliyomo na kuibeba hadi utakapotoka. Ukiongezwa kundi saa nne, mashine yako bado inaishi na orodha ya saa mbili.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu najua kinachofuata mtu asipoyajua. Hakai kusubiri. Ana ripoti ya kuwasilisha, kwa hiyo anamwomba mwenzake faili kwa flashi, au kwa WhatsApp, analihariri kwenye diski C yake, na baadaye analirudisha kwa jina jingine. Fungua folda yoyote ya ofisi iliyopitia hali hiyo utakuta bajeti, bajeti mpya, bajeti ya mwisho, bajeti ya mwisho kabisa. Mimi ndiye ninayeulizwa na mkaguzi ipi ndiyo halali. Diski ya pamoja ilikuja kuondoa swali hilo, na inao ulinzi wake: mtu akifungua hati ya Word kwenye seva, linazaliwa faili dogo lililofichika linaloanza na ~$ lenye jina lake, na wa pili akifungua anaambiwa kwamba fulani anaihariri. Watu wanakerwa na ujumbe huo. Mimi naushukuru, kwa sababu unaniambia nani nimpigie simu. Anayeukwepa kwa kufungua nakala ya kusoma tu na kuihifadhi kwa jina lake ameanzisha waraka wa pili, na kuanzia hapo kuzirudisha nakala mbili kuwa moja ni kazi ya mikono, aya kwa aya.

Mhariri, kuna suala la sasa hivi ambalo limenisukuma hasa kushika kalamu. Microsoft walisitisha matunzo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi zimekuwa zikihamia Windows 11. Matoleo ya ofisini ya Windows 11 yaliyotoka mwaka 2024 yamekaza masharti: yanadai kila mazungumzo na seva yawe na saini ya kuthibitisha kwamba hayajachezewa njiani, na hayakubali kuingia seva kama mgeni asiye na nywila. Ni masharti mazuri. Lakini zipo ofisi ambazo folda yao ya pamoja inakaa kwenye kisanduku cha diski kilichonunuliwa zamani, kikawekwa wazi kwa kila mtu bila nywila ili kupunguza maswali. Siku kompyuta mpya ilipofika, folda haikufunguka. Hapo ndipo hutokea mtu mwenye nia njema, akazima masharti hayo moja baada ya jingine mpaka folda ikafunguka, na wote wakapiga makofi.

Nawasihi wasifanye hivyo. Zaidi ya yote nawasihi wasiiwashe tena SMB ya kwanza, ile ya zamani, kwa sababu tu kisanduku cha kale hakijui nyingine. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa duniani kwa kutumia udhaifu uliokuwa ndani ya itifaki hiyo, yaani lugha hiyo ya mashine. Kilipita kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote, kikafunga mafaili na kudai malipo. Hospitali za Uingereza ziliahirisha upasuaji na kuwarudisha wagonjwa. Na dawa ilikuwepo: Microsoft walikuwa wametoa kiraka mwezi Machi mwaka huo huo. Mwishoni mwa 2017 wakaanza kuiondoa SMB ya kwanza katika Windows mpya, na hawakuiondoa ili kutusumbua. Kisanduku kisichojua itifaki mpya kisasishwe programu yake, na kama hakisasishiki, kistaafishwe. Kila mfanyakazi apewe akaunti yake na nywila yake. Ni kazi ya siku chache kwa fundi, na ni nafuu kuliko kupoteza majalada ya miaka.

Kwa wanaotaka kuifikia diski wakiwa nyumbani, njia ni mtandao binafsi unaopita kwa siri ndani ya intaneti, yaani VPN, na siyo kufungua mlango namba 445 wa seva, ule ambao SMB hupitia, uonekane duniani kote. Anayependekeza hilo la pili asisikilizwe, hata akisema ni kwa wiki moja.

Nirudi masjala, maana kuna maumivu mawili ambayo hayahusu kufungua diski bali yanawapata wale walioifungua salama. La kwanza ni kufuta. Faili ukilifuta kwenye C linaingia kwenye pipa la taka na unaweza kulirudisha. Ukilifuta kwenye diski ya mtandao haliingii pipa la kompyuta yako, limeondoka. Windows inakuuliza kama una hakika unataka kulifuta moja kwa moja, lakini nani husoma swali lililofanana na jingine alilolijibu jana? Kupona kwake kunategemea kama fundi amewasha nakala za nyuma kwenye seva, au kama ana nakala rudufu ya jana usiku. Muulizeni leo, kabla hamjahitaji. Msimuulize kama nakala zipo. Muulizeni ni lini mara ya mwisho alijaribu kurudisha faili kutoka humo likarudi zima.

La pili ni kuburuta. Mtu anataka kufungua folda ya Mishahara, kidole kinateleza juu ya kipanya, folda inaburutwa na kuangukia ndani ya folda ya jirani yake. Kwa kuwa zote ziko kwenye diski moja, Windows hainakili, inahamisha, na haiulizi. Kwa sekunde moja, ofisi nzima imepoteza Mishahara. Ghasia inaanza: nani amefuta? Watu wananyoosheana vidole. Folda ikikosekana ghafla, mimi hufungua kwanza folda iliyo juu yake na iliyo chini yake kwenye orodha, na mara nyingi naikuta imelala humo na vyote vilivyomo. Laiti watu wangejua hili, maneno mengi makali yasingesemwa. Fundi naye anaweza kulizuia kwa kuwapa watu haki ya kuandika ndani ya folda zao huku folda za ngazi ya juu zikibaki za kusoma tu. Mtunza kumbukumbu yeyote atamsaidia kupanga nani aandike wapi. Tunajua majalada ya nani ni ya nani kuliko mtu mwingine yeyote ofisini, na ni ajabu jinsi tunavyoitwa mwisho, au tusiitwe kabisa.

Na tafadhali, kila mtu aingie kwa jina lake. Nimeona idara nzima ikitumia akaunti moja, nywila imeandikwa kwenye kikaratasi cha manjano chini ya skrini. Wanasema inarahisisha. Waraka ukibadilishwa, seva inasema aliyebadilisha ni "idara". Mtumishi akiondoka, hakuna anayebadilisha nywila, kwa sababu ikibadilishwa watu wote wanakwama. Mtu mmoja akipata kirusi, kirusi kinafika popote idara inapofika, kwa kuwa programu ya kufunga mafaili huandika kila mahali mwenye akaunti anapoweza kuandika, na herufi Z kwake ni diski kama C. Ruhusa finyu si kumnyima mtu imani. Inamlinda asilaumiwe kwa kitu ambacho hakukigusa.

Ombi langu kwa wakuu wa ofisi ni jepesi. Mfanyakazi mpya anapokabidhiwa kompyuta, akabidhiwe pia karatasi moja yenye anwani kamili ya kila folda anayoruhusiwa, namba ya seva, jina la mwenye dhamana ya kutoa ruhusa kwa kila folda (naye awe mtu wa kazi hiyo, asiwe fundi), na simu ya kupiga isipofunguka. Nywila isiandikwe humo. Barua pepe za ofisi zinazotaja waraka zibebe anwani kamili badala ya herufi. Na kabla kompyuta yoyote haijabadilishwa au kupandishwa toleo, fundi akae na mwenye meza, waandike net use pamoja, na kile kinachotokea kwenye skrini kichapwe na kuwekwa kwenye jalada la kompyuta hiyo. Masjala italitunza.

Wako msomaji,
Mtunza kumbukumbu